Samansi Iliyobandikwa Mnarani

Watu wa makabila mengine wana mzaha wao juu yetu sisi Wapare, kwamba Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Huo ni uongo, na umenikera tangu ujana. Baba yangu aliuza ng'ombe kudai mbuzi. Kesi ilikwenda miaka minne, akashinda, na mbuzi alipokuja kukabidhiwa alikuwa keshazeeka hana hata meno. Tukawachinjia mashahidi, maana walikuwa wametoka mbali. Baba alikaa mlangoni akawatazama wanavyotafuna kwa shida, akasema hajapata kuona nyama tamu namna ile. Yeye mwenyewe hakuonja hata kipande.

Sasa mtu aliyelelewa na baba wa hivyo, binti yake akifungiwa duka na kitu kisicho na uso, mnategemea atulie?

Duka lenyewe halikuwa na ukuta wala mlango. Binti yangu huyu ni kitinda mimba. Ndoa ilipomshinda alirudi nyumbani na watoto wawili na simu moja. Akalima tangawizi kwenye kipande cha marehemu mama yake, kisha akafungua ukurasa kwenye mtandao mmoja, ule wa picha na video fupi fupi. Anaosha tangawizi, anaipanga juu ya gunia, anaipiga picha ukungu wa mlima Shengena ukionekana kwa nyuma. Watu wa Dar es Salaam wanaagiza, wa Arusha wanaagiza, hadi Zanzibar. Anashusha mzigo mjini Same, anaupakia kwenye basi, mambo yamekwisha. Mwenye lori, yule anayepanda mlimani na kushindilia gunia mpaka liwe na kilemba kama bibi harusi, halafu akutajie bei huku anatazama pembeni, huyo binti yangu alikuwa amemkwepa miaka miwili.

Halafu asubuhi moja, mavuno yote yamekwisha kuchimbwa na kuoshwa, magunia kumi na nane yamejaa ghalani, nikamkuta amekaa juu ya kinu, simu iko mapajani.

"Baba, wamenifungia."

"Nani?"

"Mtandao."

"Mtandao ni mtu?"

"Si mtu. Ni ile mashine yao inayochagua nani aonekane na nani asionekane. Inaitwa algorithimu."

Akanisomea barua yake. Mimi shule niliishia darasa la pili, mwaka ambao mwalimu wetu aliumwa na hakuletwa mwingine, na kusoma kwenyewe nilikuja kukumalizia kwenye elimu ya watu wazima nikiwa na ndevu. Lakini barua naielewa. Ilisema ukurasa umeondolewa kwa kukiuka miongozo ya jamii. Basi. Haikusema mwongozo gani, picha gani, siku gani.

Nikauliza, jamii ipi? Jamii ya kwetu naijua yote, nusu yake ni wajomba zangu. Nikachukua fimbo nikapita nyumba kwa nyumba, siku tatu, nauliza kama kuna mtu amekwazwa na tangawizi ya binti yangu. Hakuna. Mzee mmoja wa kanisa tu ndiye aliyesema kuna picha aliionyeshwa, yenye tangawizi yenye miguu miwili na kitu katikati, na kwamba alilazimika kuitazama mara mbili ili awe na uhakika. Nikamwandika kama shahidi wa upande wa pili, maana haki ni haki.

Binti yangu akasema ipo sehemu ya kukata rufaa. Nikafurahi. Rufaa tunaiheshimu sana kwetu. Akaandika maelezo yake vizuri, kwa adabu, akabonyeza. Kabla kidole hakijaondoka kwenye kioo jibu likawa limefika: tumepitia rufaa yako kwa makini, uamuzi unabaki vilevile. Baba yangu alisubiri rufaa miezi kumi na minne na bado alilalamika kwamba hakimu hakusoma jalada. Afadhali hakufika zama hizi.

Tangawizi iliyooshwa haingoji mtu. Wiki ya kwanza inang'aa, wiki ya pili inaanza kukunjamana kama mkono wangu huu, wiki ya tatu inaota ukungu, na hapo hata ng'ombe haitaki. Mwenye lori akasikia. Hakuna aliyemwambia, yeye ana pua. Siku ya tano alikuwa amekwisha kuegesha njia panda, anakunywa chai, anatusalimia kwa upole mno. Binti yangu alimpita bila kumwangalia. Lakini usiku, nisiseme usiku, tuseme jioni tukiwa tunakula makande, aliniambia kwamba kama ukurasa haujafunguka kufikia mwisho wa wiki ijayo, atamwuzia yeye. Na akimwuzia mara moja, amerudi mkononi mwake. Kisha akaacha kula, na makande yalikuwa na karanga.

Nikashuka Same.

Kuna ofisi pale nyuma ya maduka wanakotoa msaada wa kisheria bure. Nilimkuta binti mmoja, umri kama wa wangu, miwani, sauti ya chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kumshtaki algorithimu."

Hakucheka, namshukuru. Aliuliza tu kama huyo algorithimu anakaa wilaya ya Same au Mwanga, kwa sababu ya kujua mahakama. Nilipomweleza ndipo akaweka kalamu chini.

"Mzee, hapo umegusa penyewe. Huko ng'ambo wameanza kutunga sheria. Mwenye mtandao akikuondoa, anatakiwa akupe sababu, akuonyeshe pa kulalamikia, na aeleze wazi hiyo mashine yake inachaguaje. Sisi huku sheria za mtandao zipo, ila nyingi zinamwangalia anayeandika. Anayechagua bado hatujamfikia vizuri."

"Mtamfikia lini?"

"Nasikia yanakusanywa maoni ya wananchi."

"Yanakusanyiwa wapi?"

"Mtandaoni."

Nikamwambia sheria ya namna hiyo kwetu mlimani tunayo tangu babu zetu, na hatukuiagiza ng'ambo. Ni ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu dogo la mawe na udongo, linajaa maji ya mfereji usiku kucha, asubuhi linazibuliwa yaende mashambani kwa zamu. Yule anayezibua anaitwa mgawa maji. Anazibua mchana kweupe baragumu likishapigwa, watu wote wanamwona. Zamu inajulikana kabla. Ukirukwa, unaambiwa sababu siku ileile, ukisimama palepale kwenye tope. Usiporidhika unakwenda kwenye kamati ya ndiva, na kamati inaweza kumtoza mgawa maji faini. Hayo ndiyo yote wanayohangaika nayo huko ng'ambo, nikasema, ila sisi tunalo na tope.

Yule binti akatabasamu. "Na inafuatwa, mzee?"

"Inafuatwa. Mimi mwenyewe nimekuwa mgawa maji miaka kumi na moja."

Nilisema hivyo bila kupepesa jicho. Naomba mlikumbuke hilo, maana litarudi.

Kupanda mlimani nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa baraza la kata. Ni mwenzangu wa rika, tulitahiriwa siku moja, yeye akalia mimi nikanyamaza, ingawa yeye husimulia kinyume. Siku hizi sheria imelipunguza makali baraza, kesi za ardhi wanasuluhisha tu, hawahukumu. Basi huyu mwenzangu alikuwa amekaa ofisini na mhuri wake umekauka, ananyunyizia mate apate kuugongea barua ya mtu aliyeomba kibali cha ngoma. Nilipomweleza shauri langu macho yakamwaka.

"Mlalamikiwa anaitwa nani?"

"Algorithimu."

"Bin?"

"Hana baba."

"Kila mtu ana baba. Andika 'bin asiyejulikana'."

Akaandika samansi kwa mkono wake, mwandiko wa zamani wenye mikia. Wewe algorithimu unatakiwa kufika mbele ya baraza siku ya Alhamisi saa nne asubuhi bila kukosa, ueleze ni kwa nini ulifunga ukurasa wa tangawizi, na ulichaguaje. Akagonga mhuri mara mbili. Tukabaki tunaitazama.

"Sasa ataipataje?" akauliza.

Hapo ndipo kesi zote za baba yangu zikanisaidia. Mlalamikiwa akijificha, samansi hubandikwa mlangoni kwake. Na kitu hiki, nikasema, kinatufikia kwa njia ya hewa, na katika kata yetu nzima mlango wa hewa ni mmoja, ule mnara wa simu juu ya kilima.

Binti yangu aliposikia akashika kichwa. "Baba, mnara ni wa kampuni ya simu. Mtandao ni wa watu wengine kabisa, wako ng'ambo. Utatuaibisha."

Nikamwambia mto na ndiva si kitu kimoja, lakini ukitaka kumpata aliyekunyima maji unaanzia pale yanapopita. Leo nakiri alikuwa sahihi yeye. Siku ile sikukiri.

Mnara una mlinzi, mtu wa Kigoma, alikuja enzi zake kukata mkonge huko bondeni, mgongo ulipomgomea akapata kazi hii ya kukaa. Ni mpole, anafuga kuku ndani ya uzio. Mwenyekiti alimsomea samansi yote kwa sauti ya serikali, kisha akaibandika kwenye geti kwa uji wa muhogo.

"Utie saini kwamba umepokea," akamwambia.

"Mzee, mimi nalinda jenereta na mafuta yake. Vinavyopita juu sijawahi kuviona."

"Upo mlangoni pake au haupo?"

"Nipo."

"Basi tia."

Akatia. Alhamisi, saa nne kamili, alikuwa wa kwanza kufika barazani, amevaa shati la kufungwa mpaka shingoni na kuku mmoja chini ya kwapa, amemletea mwenyekiti. Maskini alidhani anafungwa.

Ukumbi ulijaa. Sijapata kuona watu wengi hivyo tangu kesi ya mipaka ya shule. Binti yangu alikaa nyuma, kanga imemfunika nusu uso, na kwa mlango ulio wazi alikuwa anaiona njia panda, na mimi nilijua anatazama nini. Hakungoja mwisho wa wiki, alikuwa amekwisha kupakia magunia sita kwenye lori asubuhi ile. Yaliyobaki kumi na mawili mwenye lori alisema atayachukua jua likitua, kwa bei pungufu zaidi, kwa kuwa yamekunjamana.

Mlalamikiwa akaitwa mara tatu mlangoni kama desturi. Mwenyekiti akamgeukia mlinzi.

"Wewe ndiye mtu wake wa karibu. Alichagua vipi kuifunga tangawizi?"

"Sijui, mzee."

"Nani anakulipa?"

"Kampuni ya ulinzi."

"Na kampuni ya ulinzi inalipwa na nani?"

"Mzee, ningekuwa nayajua hayo nisingekuwa nalinda."

Watu wakacheka, na mimi nikaona kesi inaponyoka. Nikasimama. Nikatoa hotuba yangu niliyoitoa Same, ndiva na baragumu na sababu siku ileile kwenye tope, na safari hii nikaipamba. Nikasema anayewagawia watu kitu wanachoishi kwacho hana ruhusa ya kunyamaza. Nikasema wabunge watunge sheria, na wasipojua waandike vile tunavyofanya sisi. Wakapiga makofi. Nilikuwa karibu kukaa, nimeridhika na nafsi yangu, niliposikia sauti ya mwanamke kutoka benchi la tatu.

"Shemeji."

Alikuwa mke wa marehemu binamu yangu. Huyu mama haongei. Namfahamu miaka arobaini, nadhani nimesikia sentensi zake kumi, na nne zilikuwa rambirambi.

"Ndiyo, shemeji."

"Ulipokuwa mgawa maji, mwaka ule mume wangu alipofariki, maharage yangu yalikauka. Zamu yangu ilirukwa mara tatu. Sababu ilikuwa nini?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Nikafungua mdomo, na nawaambia ukweli kwa kuwa sasa ni mzee na sina cha kuficha: sikuwa na sababu. Nilirudi nyuma kichwani kuitafuta, kama mtu anayepapasa mfukoni mwa koti alilovaa zamani. Sikumchukia. Hakunikosea. Ila asubuhi zile, kabla sijazibua ndiva, kulikuwa na wanaokuja mlangoni kwangu kufoka, na kulikuwa na wanaokuja na kibuyu cha dengelua, ile pombe yetu ya miwa, na mkono wangu ulikuwa wenyewe tu unaelekea kwao. Aliyefoka alipata maji ili nipate usingizi. Aliyeleta dengelua alipata kwa shukrani. Huyu mama alikuwa anakuja, anasimama kando na jembe lake, anangoja. Mtu anayengoja kimya hana anachokusumbua. Unamsahau.

Nikayasema hayo. Sikuyasema vizuri kama nilivyoandika hapa, nilikohoa sana katikati.

"Na kwa nini hukwenda kwenye kamati?" mwenyekiti akamwuliza yule mama.

"Nilikwenda. Mlikuwa mnakunywa naye."

Mwenyekiti akasafisha koo. Akasema baraza la kata halina uwezo wa kumhukumu mtu, ila yeye ni mwenyekiti wa kamati ya ndiva pia, na wajumbe wote wapo humu, kwa hiyo tusisumbue watu kurudi siku nyingine, kikao kigeuke. Kikageuka. Kwa dakika chache nikawa nimetoka kuwa mlalamikaji nikawa mshtakiwa, na ushahidi wote nilikuwa nimeutoa mwenyewe. Mlinzi wa mnara alinihamia benchi, akakaa karibu nami. Nadhani alinihurumia.

Hukumu ikaja hivi. Nibebe mawe ya kukarabati ndiva siku zote za msaragambo, kazi ile ya kijiji kizima, mpaka ukarabati uishe. Na msimu mzima, kwa kuwa mgawa maji wa sasa ni kijana na anahitaji mfano, nisimame ukingoni kila asubuhi ya kuzibua, nitangaze kwa mdomo wangu nani anapata, nani amerukwa, na kwa nini. Mwenyekiti akajitoza na yeye siku mbili za mawe, kwa ile habari ya kunywa. Mlalamikiwa algorithimu akaachiwa kwa kukosa kufika.

Tulipokuwa tunatoka, simu ya binti yangu ikaanza kulia. Ikalia tena na tena, kama kuku aliyetaga. Akaitazama, akakaa chini palepale kwenye ngazi.

Kumbe juzi yake mafundi wa mnara walikuja kuangalia jenereta, wakaikuta samansi kwenye geti. Wakaipiga picha, wakaitupa kwenye mtandao ule ule, waonyeshe wenzao Wapare wamefika wapi. Watu nchi nzima wakacheka. Wengine wakatukana, wengine wakatutetea, wakatukanana wao kwa wao, na ile mashine ikipenda ugomvi ikaisukuma picha mbele ya kila mtu. Wateja wa binti yangu wakautaja ukurasa wake, kelele zikafika kwa binadamu fulani huko inakokaa. Ujumbe ulisema: tumerejesha ukurasa wako, samahani kwa usumbufu. Sababu ya kuufunga haikuandikwa. Na sababu ya kuufungua haikuandikwa pia. Chini yake watu walikuwa wamejipanga, wanataka tangawizi ya mzee wa samansi.

Binti yangu akakimbia njia panda, kanga inapepea. Yale sita yalikuwa yamekwenda, lori limetoka kuondoka nayo. Kumi na mawili yakabaki yake. Yalikuwa yamekunjamana, akawaambia wateja wazi kwamba yamekunjamana, na wakachukua hivyo hivyo. Jioni alikula makande sahani mbili. Hakunishukuru, wala hakunilaumu tena habari ya mnara, na kwa mtoto wangu huyu hiyo ni hotuba.

Mimi ndiye niliyebaki na neno la shemeji yangu. Alikuwa amesimama nyuma yetu pale kwenye ngazi muda wote, anasikiliza simu ikisomwa. Akaniambia taratibu, "Basi ni ndugu yako, huyo uliyemshtaki. Umefoka, amekufungulia." Akajitwisha kikapu chake akaenda. Yeye ana tangawizi pia, na simu hana.

Jumatatu baragumu lilipigwa. Nilifika ndiva mapema, umande umenilowesha hadi magotini, jiwe langu la kwanza begani. Watu walikuwa wengi kuliko zamu yenyewe, walikuja kunitazama. Mgawa maji kijana akaniuliza tunaanza na nani. Shemeji alikuwa kando, pale pale pa siku zote, ameegemea jembe.

"Tunaanza na shemeji yangu," nikasema.

"Sababu," akasema yeye.

"Kwa sababu alirukwa."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akatazama mabonde chini, ambako wenye mashamba ya mwisho wa mfereji walikuwa bado wanapanda njia, mmoja mmoja.

"Sema tena kwa sauti," akasema. "Wale wa chini hawajasikia."